Kila Chungu na Siku Yake: Chakula cha Jadi katika Miji ya Poland, na Kwa Nini Mwenye Haraka Hakioni

Supu ya żurek huanza siku nne au tano kabla mlaji hajaketi mezani. Mpishi huchukua unga wa rai, nafaka ndugu ya ngano inayostahimili baridi na udongo hafifu, akaukoroga na maji ya uvuguvugu ndani ya mtungi, akatumbukiza vitunguu saumu vilivyopondwa, akafunika kitambaa na kuuacha pembeni mwa jiko. Siku ya pili mapovu yanaanza kupanda. Siku ya nne harufu imegeuka: uchachu wenye ukali kidogo, unaomkumbusha mtu wa kwetu togwa iliyopitiliza siku. Maji hayo machachu, ambayo Wapolandi huyaita zakwas, ndiyo hutiwa kwenye supu yenye soseji nyeupe, yai la kuchemsha na majani makavu ya marjoramu. Siku hizi zakwas huuzwa pia dukani kwenye chupa, lakini hata hiyo ya chupa ilikaa mahali fulani ikachacha kwanza.

Nimeanza na mtungi huu kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ugumu wa mada yenyewe. Watu wengi sasa wanazungumzia safari ya taratibu, na mara nyingi huielewa kama hesabu ya siku: ulikuwa ukae Kraków siku moja, basi kaa nne. Hesabu hiyo si mbaya, ila haitoshi. Mtu anaweza kukaa Kraków wiki nzima mwezi wa Februari asionje hata kipande cha oscypek mpya, jibini la maziwa ya kondoo, kwa kuwa kondoo bado hawajapanda mlimani. Mwingine akalala Poznań usiku mmoja tu, tarehe 11 Novemba, akaondoka amekula kile ambacho mji mzima umekula siku hiyo. Vyakula vya jadi vya Poland vimefungwa kwenye saa, siku na misimu. Kusafiri taratibu huko ni kuifuata ratiba ya chungu, na ratiba yako ikaja nyuma.

Fikra yenyewe ilianzia mezani kabla haijafika barabarani. Mwaka 1986, mgahawa wa McDonald's ulipofunguliwa karibu na Ngazi za Kihispania jijini Roma, mwandishi Mwitalia Carlo Petrini na wenzake walipinga, na katika upinzani huo likakua vuguvugu la Slow Food, ambalo nembo yake ni konokono. Mwaka 1999 miji midogo ya Italia ikaanzisha mtandao wa Cittaslow, wa miji inayokubaliana kulinda masoko yake, mapishi yake na utulivu wa mitaa yake. Poland iliingia mwaka 2007 kupitia miji minne ya eneo la Warmia, kaskazini mashariki: Biskupiec, Bisztynek, Lidzbark Warmiński na Reszel. Tangu hapo mtandao wa Poland umekua ukawa mmoja wa mikubwa zaidi nje ya Italia.

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa. Cittaslow hupokea miji yenye watu wasiozidi 50,000. Kraków, Warszawa, Gdańsk, Poznań, Wrocław, Lublin na Toruń haziwezi kuvaa nembo hiyo ya konokono hata zingetaka. Kwa hiyo mtu akiuliza miji ya taratibu ya Poland ni ipi, ataelekezwa kwenye miji midogo yenye ngome za matofali na maziwa ya maji baridi, mizuri kwa kweli. Ilhali sehemu kubwa ya vyakula vinavyoitwa vya jadi ilizaliwa katika miji mikubwa, kwenye vyama vya waokaji, masoko ya bandari na majiko ya wafanyakazi wa viwanda. Nembo ya mji ni jambo moja, mwendo wa msafiri ni jambo jingine.

Jadi kwa kipimo kipi?

Neno jadi nalo lina milango kadhaa. Mlango wa kwanza ni sheria ya Umoja wa Ulaya, ambao Poland ilijiunga nao mwaka 2004. Sheria hiyo ina ngazi tatu. Ya juu hulinda jina la asili: kila hatua ifanyike mahali pale pale, kuanzia malighafi. Jibini la oscypek, la maziwa ya kondoo wa milima ya Tatra, lilipata ulinzi huo mwaka 2008. Ya pili hulinda uhusiano wa bidhaa na eneo, na walau hatua moja ya utengenezaji ifanyike hapo. Humo mna andazi la rogal wa Poznań (2008), mkate wa obwarzanek wa Kraków (2010) na mkate wa cebularz wa Lublin (2014). Ya tatu hulinda namna ya kupika bila kujali mahali.

Mlango wa pili ni orodha ya taifa ya bidhaa za jadi inayotunzwa na wizara ya kilimo. Sharti lake kubwa ni kwamba bidhaa iwe imetengenezwa kwa njia ile ile kwa miaka 25 au zaidi. Orodha ina bidhaa zaidi ya 2,000 na haimzuii mtu yeyote kutumia jina; ni kumbukumbu tu. Angalia vizuri huo muda wa miaka 25: mkate ulioanza kuokwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 unaweza kufuzu leo. Siioni kuwa kasoro. Inatuonya tu kwamba neno jadi kwenye kibao cha mgahawa halimaanishi lazima enzi za wafalme.

Mlango wa tatu ndio mgumu, nao ni mipaka. Kati ya mwaka 1772 na 1795 Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani) na Austria ziliigawana Poland mpaka ikafutika kwenye ramani, na haikurudi hadi 1918. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Poznań ilikuwa chini ya Prussia, Kraków chini ya Austria, Warszawa na Lublin chini ya Urusi. Watu wa taifa moja wakakaa na masoko tofauti, kodi tofauti na majiko tofauti. Mpaka leo mtu wa Poznań hukiita kiazi pyra, neno ambalo Warszawa hulitamka kwa tabasamu, na chakula chake cha nyumbani ni pyry z gzikiem: viazi vilivyochemshwa na maganda, pembeni jibini changa la maziwa ya mgando lililochanganywa na krimu na majani ya kitunguu.

Kisha ukaja mwaka 1945. Baada ya vita mipaka ya Poland ilisukumwa magharibi. Lwów, mji wa mashariki uliokuwa moja ya vituo vikuu vya utamaduni wa Kipolandi, ukaingia Umoja wa Kisovieti na leo ni Lviv ya Ukraine. Breslau ya Wajerumani ikawa Wrocław. Wajerumani waliondolewa, na nyumba zao zikajazwa na watu kutoka sehemu nyingi, wakiwemo wengi waliopoteza makwao mashariki. Sasa ukiingia Wrocław ukaomba chakula cha jadi cha mji, jadi ya nani? Katika mitaa iliyojengwa na Wajerumani utaletewa mapishi yaliyosafiri kwenye mabehewa kutoka Lwów. Kwangu mimi huo ndio ukweli wa mji, na mgahawa unaousimulia waziwazi nauamini kuliko ule unaojifanya umekuwepo hapo tangu zama.

Historia hii ina tawi lililofika kwetu. Mwaka 1940 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu maelfu kwa maelfu ya Wapolandi wa maeneo hayo ya mashariki hadi Siberia na Kazakhstan. Sehemu yao walitoka mwaka 1942 kupitia Iran, na Waingereza wakawapa makazi Afrika Mashariki: Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja nchini Uganda. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo mpaka leo. Vita vilipokwisha, vijiji walivyotoka havikuwa tena Poland.

Ndiyo maana jina la pierogi ruskie linahitaji maelezo. Pierogi ni unga wa ngano uliosukumwa kama chapati, ukakatwa miduara kwa mdomo wa glasi, ukajazwa, ukakunjwa nusu na kubanwa kingo kwa vidole. Tungesema ni sambusa ya kuchemsha. Zile za ruskie hujazwa viazi vilivyopondwa pamoja na jibini changa na kitunguu kilichokaangwa. Wengi hudhani jina linamaanisha za Kirusi. La hasha. Linatoka kwenye Ruś, nchi ya kale ambayo sehemu yake ya magharibi leo iko Ukraine, kule kule walikotoka waliohamishiwa Wrocław. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, baadhi ya migahawa ya Poland ilifuta neno ruskie kwenye orodha na kuandika za Kiukraine. Chakula ni kile kile, ila jina lilianza kuwauma watu.

Mkate usiongoja jioni

Sasa turudi kwenye saa, na saa fupi kuliko zote ni ya obwarzanek. Huu ni mkate wa pete unaouzwa Kraków kwenye vibanda vidogo vya vioo vyenye magurudumu, kila kona ya mji wa kale. Ukiutazama kwa karibu utaona si pete laini. Mwokaji amesokota kamba mbili au tatu za unga kama mtu asukaye ukili, akaziunganisha ncha, akaitumbukiza pete ndani ya maji yanayokaribia kuchemka. Ikielea huitoa, akanyunyiza chumvi, ufuta au mbegu za popi, ndipo inaingia tanurini. Jina lenyewe linatokana na kitenzi cha Kipolandi cha kuchovya katika maji ya moto. Maji hayo ndiyo huufanya ngozi yake ing'ae na iwe ngumu kidogo, na ndani ubaki mwororo.

Mwororo, lakini kwa saa chache tu. Alfajiri unalia kacha ukiung'ata. Jioni unavutika kama mpira. Hili halirekebishiki, kwa kuwa ndani hamna mafuta mengi ya kuuhifadhi. Hesabu za jikoni la malkia Jadwiga zinautaja mwaka 1394, na mwaka 1496 mfalme Jan Olbracht aliwapa waokaji wa Kraków peke yao haki ya kuuoka na kuuza mkate mweupe, pamoja na huu. Sheria ya Ulaya inataka uokwe Kraków au wilaya mbili zinazoizunguka. Anayeshuka kwenye basi la watalii saa kumi alasiri, akanunua mmoja, akauma, akasema Kraków inasifiwa bure, hakuwa mwongo. Alichelewa. Atoke kesho saa moja asubuhi, wakati vibanda vinapangwa na mpiga tarumbeta wa kanisa la Mariacki amemaliza wito wake wa saa, aulize tena.

Kando ya obwarzanek yuko bajgiel, ndugu yake mnene na mdogo, aliyeandikwa kwenye kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków mwaka 1610 na ambaye baadaye alihamia Marekani akapata umaarufu mkubwa. Watu huwachanganya. Bajgiel ni unga mmoja usiosokotwa. Obwarzanek ni kamba zilizosukwa.

Baada ya saa ya mkate kuna siku ya mji. Poznań ina tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, ambayo pia ni siku ya uhuru wa Poland. Mtaa mkuu unaoitwa Święty Marcin hujaa maandamano, na kila mkono una rogal: andazi zito la tabaka nyingi lililopindwa mfano wa chuma cha kwato ya farasi, ndani likiwa na mbegu nyeupe za popi zilizosagwa pamoja na karanga za miti, zabibu kavu na maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari. Uzito wake hufika robo kilo. Simulizi ya mji inasema mwaka 1891 padri wa parokia hiyo aliwaomba waumini wafanye jambo kwa ajili ya maskini, na mwokaji mmoja akaoka maandazi, wenye nacho wakayanunua na wasio nacho wakayapata bure. Ili kutumia jina kamili, rogal świętomarciński, mwokaji lazima awe na cheti. Huuzwa mwaka mzima siku hizi, nami sioni dhambi kumla mwezi wa Mei. Ila mwezi wa Mei ni andazi zuri tu. Novemba, kwenye baridi, katikati ya watu wanaomla wote kwa pamoja, ndipo unaelewa kwa nini mji unampigania.

Kisha kuna misimu. Oscypek hutengenezwa kuanzia Mei hadi Septemba, kondoo wakiwa malishoni juu ya Zakopane. Mchungaji hukanda jibini kwa maji ya moto, akalifinyanga ndani ya kibao kilichochongwa nakshi hadi likawa na umbo la pia mbili za kuchezea zilizounganishwa, akalilowesha kwenye maji ya chumvi, akaliweka juu ya moshi ndani ya kibanda chake. Kinachochomwa kwenye majiko ya mtaani katikati ya baridi kali mara nyingi ni jibini la maziwa ya ng'ombe lenye umbo linalofanana. Ni tamu, hasa likiwa la moto na jemu ya kranberi juu yake, lakini si oscypek, na muuzaji mwaminifu atakwambia ukimuuliza. Kiangazi kina chłodnik, supu baridi ya bitiruti na maziwa ya mgando, ya waridi iliyokolea. Julai kuna jagodzianki, maandazi yaliyojaa matunda meusi ya msituni yanayoacha rangi kwenye meno. Vuli ni uyoga: familia nzima huamka alfajiri kwenda msituni na vikapu, na siku hiyo hiyo akina mama wazee huketi kwenye soko la Stary Kleparz jijini Kraków na mafungu ya uyoga yenye udongo bado kwenye mashina.

Toruń inatufundisha muda mrefu zaidi. Piernik, keki kavu ya asali na viungo, ilikua katika mji huu wa wafanyabiashara wa mto Wisła, uliokuwa mwanachama wa muungano wa kibiashara wa miji ya Hanse. Jina lake linatokana na neno la kale la Kipolandi lenye maana ya pilipili. Donge lake la asali liliachwa likomae kwa majuma, wakati mwingine miezi, kabla ya kukandamizwa kwenye vibao vya mti vilivyochongwa sura za wafalme, mioyo na magari ya farasi. Msomaji wa pwani akinusa piernik atadhani yuko nyumbani: karafuu, mdalasini, tangawizi, iliki. Lakini tusijipe sifa isiyo yetu. Karafuu iliyofika Toruń wakati mwanaastronomia Copernicus anazaliwa pale mwaka 1473 haikutoka Pemba wala Unguja, kwani mikarafuu ilipandwa kwetu karne ya 19. Ilitoka visiwa vya Maluku, mbali mashariki, ikapita mikono mingi ya Bahari ya Hindi kabla ya kufika Ulaya. Harufu ndiyo ya ukoo, shamba ni jingine.

Foleni ya bar mleczny

Kama msafiri ana nafasi ya kuingia mahali pamoja tu, ningempeleka bar mleczny, yaani baa ya maziwa. Neno baa lisikutishe: pombe haiuzwi humo. Ya kwanza ilifunguliwa Warszawa mwaka 1896 katika mtaa wa Nowy Świat na mwenye ng'ombe wa maziwa aliyeuza maziwa, mayai na vyakula vya unga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikomunisti ilizieneza nchi nzima ili mfanyakazi, mwanafunzi na mzee wa pensheni wapate mlo wa moto kwa bei ndogo. Ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989, nyingi zilifungwa. Zilizobaki hupokea ruzuku ya serikali kwa vyakula visivyo na nyama, na hiyo ndiyo siri ya bei zake. Warszawa, baa iitwayo Prasowy ilipofungwa mwishoni mwa 2011, wanaharakati waliingia ndani wakaanza kuwapikia watu. Baadaye ilifunguliwa tena.

Utaratibu wake humchanganya mgeni. Mhudumu wa meza hayupo. Orodha ya vyakula iko ukutani, mara nyingi kwa herufi za plastiki zinazochomekwa moja moja, na chakula kikiisha jina lake huondolewa. Unapanga foleni kwenye kasha la malipo, unataja unachotaka, unalipa, unapewa risiti. Risiti unaipeleka kwenye dirisha la jikoni. Mama wa jikoni, aproni kiunoni na kitambaa kichwani, anaichukua bila maneno mengi, na baada ya muda anaita jina la chakula kwa sauti inayofika mlangoni. Hakuiti wewe, anakiita chakula, kwa hiyo sharti uwe umelikariri jina lake. Ukimaliza, sahani unaipeleka mwenyewe kwenye dirisha jingine. Pembeni yako wameketi mwanasheria mwenye tai na bibi mwenye mfuko wa soko, na wote wawili wanakunywa kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa.

Agiza leniwe. Ni madonge ya jibini changa na unga, yaliyochemshwa na kumwagiwa siagi yenye chembe za mkate uliokaangwa na sukari. Jina linamaanisha za kivivu, kwa kuwa mpishi hana kazi ya kujaza wala kubana kingo. Nyingi ya baa hizi hufunga mapema jioni. Mtu anayezunguka makumbusho hadi saa mbili usiku hataziona, atabaki na migahawa ya uwanja mkuu yenye picha za chakula mlangoni. Wapolandi wenyewe hula mlo mkuu, obiad, mchana kati ya saa saba na saa kumi: supu kwanza, kisha sahani ya pili. Ukihamishia njaa yako mchana, nusu ya kazi ya safari ya taratibu umeimaliza.

Msomaji Mwislamu anahitaji neno la ziada, kwa sababu nguruwe hujificha. Hata pierogi za viazi huletwa zimenyunyiziwa skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, na mkate wa kianzio huletwa na smalec, shahamu ya nguruwe yenyewe. Sema bez skwarek, bila hivyo vipande, kabla hujalipa, na uulize supu imepikwa kwa mchuzi gani. Wanaodhani Uislamu ni mgeni Poland wamekosea: Watatari walianza kukaa katika ardhi za Lithuania na Poland karne ya 14, na mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski aliwapa askari wao ardhi katika vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki, ambako misikiti ya mbao ingali inasimama. Ukifika Białystok, tenga siku moja uende Kruszyniany ukale pierekaczewnik, mkate wa tabaka nyembamba zilizoviringishwa na nyama ndani mfano wa konokono. Huo ndio mfano wa ile ngazi ya tatu ya ulinzi wa Ulaya, inayolinda mapishi.

Na kuna chakula ambacho waliokianzisha hawapo. Cebularz wa Lublin ni mkate bapa wa ngano, upana wa kiganja kilichokunjuliwa, juu umetandazwa vitunguu vilivyokatwa vidogo na kuchanganywa na mbegu za popi. Uliokwa na waokaji Wayahudi wa mji wa kale. Kabla ya vita karibu theluthi ya watu wa Lublin walikuwa Wayahudi. Wanazi waliwaua takriban wote, kama walivyowaua Wayahudi wapatao milioni 3 wa Poland, na kambi ya mauaji ya Majdanek iko pembezoni mwa mji huo huo. Leo mkate unauzwa kila duka la mkate la Lublin, una jina linalolindwa, watoto wanaula wakienda shule. Nunua wako, pita nao chini ya Lango la Grodzka lililotenganisha mtaa wa Wakristo na wa Wayahudi, utazame uwanja mtupu upande wa pili, palipokuwa na nyumba. Hapo kila mtu atajua mwenyewe atatafuna kwa mwendo gani.

Kupanga safari yenyewe si kazi kubwa. Chagua miji miwili au mitatu, si saba: Toruń na Poznań ziko jirani kwa treni, Kraków na milima ya Tatra vivyo hivyo, Lublin na Warszawa pia. Treni za haraka kati ya Warszawa na Kraków huchukua kama saa mbili na nusu. Za polepole ni nafuu, na nyingi za masafa marefu huwa na behewa la chakula la WARS, kampuni iliyoanza 1948, ambako mpishi bado hukaanga mayai na kipande cha nyama huku mashamba yakipita dirishani. Kumbuka kwamba tangu 2018 sheria inafunga maduka siku nyingi za Jumapili. Migahawa hubaki wazi.

Kwa hiyo ningefika siku ya Ijumaa, kwa kuwa Wakatoliki wengi hawali nyama siku hiyo na samaki aina ya śledź, waliolowekwa kwenye mafuta na vitunguu, huwa kila mahali. Jumamosi ni ya soko, mapema. Jumapili karibu kila nyumba inachemsha rosół, mchuzi wa kuku unaokaa motoni saa nyingi bila kuruhusiwa kutokota kwa nguvu, unaonywewa na tambi nyembamba. Na nisingeondoka Jumapili usiku kama wageni wengi wanavyofanya. Hubaki mchuzi kwenye sufuria, na Jumatatu huongezwa nyanya na kijiko cha krimu, ukawa pomidorowa. Waulize Wapolandi supu gani waliipenda utotoni. Wengi watakutajia hiyo ya Jumatatu.